Kununua Mbao Ngumu za Miti ya Asili Jijini Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Msitu Ubaki

Anayejenga nyumba au kutengeneza samani jijini Nairobi huuliza kwanza bei ya mbao, kisha rangi yake, kisha siku ambayo lori litafika. Swali la kisiki, yaani mti ulisimama wapi, ulikatwa na nani na kwa idhini gani, huja mwisho au haliji kabisa. Mwongozo huu unaanzia hapo panaporukwa. Umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba, fundi seremala, mkandarasi mdogo na yeyote mwenye shamba nje ya jiji anayefikiria kupanda miti ya mbao, na msimamo wake ni mmoja: mbao ngumu za miti ya asili zinaweza kununuliwa kwa haki, mradi mnunuzi ajue zinakotoka kabla ya kutoa pesa.

Kwanza tuielewe hali ilivyo. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba misitu inafunika asilimia 8.83 ya Kenya, na kwamba miti yote kwa jumla, pamoja na ile ya mashambani, inafikia asilimia 12.13. Ukataji wa miti ya asili katika misitu ya serikali umezuiwa kwa amri ya Rais tangu mwaka 1986. Marufuku nyingine ya ukataji ilitangazwa Februari 2018, na Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa, lakini hoja ya kuiondoa ilikuwa miti iliyopandwa na kukomaa, kama vile msaiprasi na msindano. Haikufungua njia ya kukata muhugu wala mvule msituni. Kwa hiyo ubao mgumu wa mti wa asili unaouzwa kihalali Nairobi leo umetoka katika mojawapo ya sehemu tatu: shamba la mtu binafsi hapa nchini, nchi jirani, hasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Uganda na Tanzania, au jengo la zamani lililobomolewa. Muuzaji akikuambia kwamba mzigo wake umetoka ndani ya msitu wa serikali wa Mlima Kenya au Mau, amekueleza kosa la jinai, na hapo mazungumzo yanapaswa kukoma.

Hatua ya kwanza: amua kama kazi yako inahitaji mbao ngumu

Ziko kazi ambazo mbao ngumu zinafaa kabisa: mlango wa nje unaopigwa na jua na mvua, fremu za madirisha, ngazi, sakafu, meza ya kulia itakayorithiwa, mpini wa chombo. Ziko nyingine nyingi ambazo hazizihitaji hata kidogo. Kenchi za paa, dari, migongo ya makabati, fremu za ndani za makochi zitakazofunikwa kwa kitambaa, na mbao za kumwagia zege hufanyika vizuri kwa msaiprasi, msindano uliotiwa dawa, mkaratusi au mgrevilea wa shambani. Nimeona mara nyingi mtu akilipia mbao za mvule kisha zikafichwa nyuma ya kabati pasipoonekana wala kuguswa. Huo ni upotevu wa pesa, na pia wa mti uliochukua zaidi ya nusu karne kukua.

Ukishaamua, hesabu kiasi chako kabla ya kwenda yadi. Zidisha upana kwa inchi, unene kwa inchi, na urefu kwa futi, kisha gawanya kwa 144. Utapata futi za ujazo. Ubao wa 12 kwa 2 wenye urefu wa futi 14 una futi za ujazo 2.33. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ni takriban futi za ujazo 35.3, mbao 15 za aina hiyo zinafanya karibu mita moja ya ujazo. Hesabu hii itakusaidia tena utakapolinganisha mzigo na vibali vyake, kwa hiyo iandike mahali.

Kumbuka pia kwamba kipimo cha yadi ni kipimo cha ubao kabla ya kupigwa randa. Ubao wa inchi moja ukishapigwa randa pande zote mbili hubaki na karibu robo tatu ya inchi, na fundi aliyechora kazi yake kwa inchi kamili atarudi kukuomba mbao zaidi.

Hatua ya pili: ijue miti kwa sura yake

Jina "mahogani" hapa Nairobi limekuwa jina la rangi kuliko jina la mti. Chini yake huuzwa mkangazi wa jenasi Khaya, huuzwa sapele kutoka Congo, na wakati mwingine huuzwa mkaratusi uliopakwa rangi nyekundu. Tofauti hizo zina uzito wa kisheria. Miti ya Khaya ya Afrika, pamoja na mbambakofi na jamii ya mninga, iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa uamuzi wa mkutano wa Novemba 2022, na masharti yakaanza kutumika mwaka 2023. Mpingo na ndugu zake karibu wote wa jenasi Dalbergia wamo tangu Januari 2017, na muiri, ambao gome lake hutafutwa kwa dawa ya tezi dume, umo tangu miaka ya 1990. Kuwamo katika Kiambatisho cha Pili si marufuku ya biashara. Maana yake ni kwamba magogo na mbao za miti hiyo zikivuka mpaka lazima ziwe na kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji wake hauhatarishi uhai wa spishi.

Hivyo jifunze kutazama. Chukua wembe mkali na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Kwangua sehemu ndogo ya kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kwa kukingama, hadi iwe laini, ilainishe kwa tone la maji, kisha utazame. Miti ya majani mapana huonyesha vitundu vidogo vya duara, ambavyo ni mishipa iliyokuwa ikipandisha maji. Mutarakwa na podo, ambao ni miti ya jamii ya misonobari, hauna vitundu hivyo hata kimoja. Katika mvule utaona kila kitundu kimezungukwa na tishu nyepesi zenye umbo la mabawa, na mabawa hayo hugusana na kufanya mistari ya mawimbi. Rangi ya mvule mbichi ni ya manjano, nayo hugeuka kahawia ya dhahabu ikipigwa na mwanga. Ndani yake mara nyingine mna chembe nyeupe za chokaa ngumu kama jiwe, ambazo huharibu meno ya msumeno. Vumbi lake huwasha kifua na ngozi, na fundi anayelipiga randa bila barakoa anajiumiza.

Mpingo hautakusumbua kuutambua: kiini chake ni cheusi au cha zambarau iliyokolea, na kipande chake hutumbukia majini moja kwa moja kwa sababu uzito wake kwa mita ya ujazo hufikia kama kilo 1,200, zaidi ya maji yenyewe. Muthaiti, ambao wengi huuita kafuri, hutoa harufu ya kafuri mara tu randa inapopita. Muhugu una harufu tamu na nyuzi zilizoshikamana mno. Huu ni mti wa nyumbani kabisa kwa Nairobi. Ndio unaotawala, pamoja na mukinduri, katika misitu mikavu ya nyanda za juu kama Karura, na ulikuwa ukitengenezewa vipande vya sakafu ambavyo bado vimo katika nyumba za zamani za jiji. Uvunaji wa kuchongea vinyago na wa sakafu uliupunguza sana. Ningependa kila anayenunua mbao ngumu aende Karura siku moja akaguse shina la muhugu uliosimama, apime kwa mkono wembamba wake, kisha ajiulize ni miaka mingapi imepita humo.

Kwa ubao uliopakwa rangi, dawa ni rahisi: omba ruhusa ya kupiga randa kona moja. Rangi ya kupakwa huishia juu juu. Rangi ya kiini huendelea hadi ndani. Muuzaji anayekataa kona moja tu ipigwe randa amekwisha kukujibu.

Hatua ya tatu: uliza kisiki, kisha uliza karatasi

Nenda asubuhi, wakati wenye yadi hawajazidiwa na wateja, iwe ni Gikomba, Industrial Area au mtaani kwako. Anza kwa heshima, kwa sababu wengi wa wauzaji hawa wanaijua biashara yao kwa miaka mingi na watakusaidia wakiona una nia. "Mzee, habari ya kazi. Mbao hizi za mvule zimetoka wapi?" Jibu la kawaida litakuwa, "Zimetoka Congo, kijana wangu, ni mbao safi." Usiishie hapo. "Naomba kuona karatasi zilizokuja na lori."

Kwa mbao za shamba la hapa nchini, tazamia kuona idhini ya kukata, uthibitisho wa mwenye mti, na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kwa mbao zilizoingizwa, kuwe na hati ya nchi zilikotoka, cheti cha afya ya mimea cha nchi hiyo, hati za ukaguzi wa mpakani wa KEPHIS, taasisi inayokagua afya ya mimea, hati za forodha za KRA, mamlaka ya mapato, na kwa spishi zilizo katika orodha, kibali cha CITES. Hapa Kenya mamlaka ya kusimamia mkataba huo ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, jambo ambalo wanunuzi wengi wa mbao hawalitarajii kwa kuwa jina linataja wanyama.

Karatasi kuwapo hakutoshi, isome. Jina la spishi liwe lile la kisayansi, maana neno "mahogani" peke yake halithibitishi kitu. Linganisha tarehe na mzigo: kibali cha miezi mingi iliyopita hakiwezi kuwa cha mbao ambazo bado zinatoa utomvu. Linganisha kiasi: kama kibali kinasema mita za ujazo 20 na mbele yako pana rundo lenye mara mbili ya hapo, ama kuna kibali cha pili ambacho hujaonyeshwa, ama kibali kimoja kimetumika kusafirisha mizigo kadhaa. Njia hii ya kutumia karatasi halali kufunika mbao zisizo halali ni ya zamani katika biashara ya mbao duniani kote, na hugunduliwa na mnunuzi anayejua kuzidisha na kugawanya. Tazama pia namba ya lori iliyoandikwa.

Kwa mbao za Tanzania kuna alama moja zaidi ya kutafuta. Huko gogo lililokaguliwa hugongwa nyundo ya serikali au ya kijiji, na kisiki nacho hugongwa, ili gogo liweze kufuatiliwa hadi mahali liliposimama. Ubao uliokwisha kupasuliwa hauna alama hiyo, lakini mpasuaji mwaminifu anaweza kukuonyesha kumbukumbu zake. Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar kuhusu biashara haramu ya mbao mwaka 2015, kwa hiyo kuuliza maswali haya ni kufuata njia ambayo serikali zetu wenyewe zimekubaliana.

Mwishoni omba risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kodi wa KRA, iliyoandikwa jina la mti na kiasi, na upige picha karatasi zote. Ukikamatiwa mzigo barabarani, picha hizo ndizo zitakazoongea kwa niaba yako.

Hatua ya nne: pima jinsi msitu unavyosimamiwa

Uhalali na uendelevu ni mambo mawili. Mbao zinaweza kuwa na karatasi zote na bado zikatoka katika msitu unaomalizwa polepole. Kama unanunua kiasi kikubwa, tuseme kwa ajili ya hoteli, shule au nyumba nyingi, una nguvu ya kumuuliza muuzaji maswali ambayo mnunuzi wa mlango mmoja hawezi kuyafikisha mbali.

Swali la msingi ni kama msitu huo ulihesabiwa kabla ya kuvunwa. Msimamizi mzuri hugawanya msitu katika vitalu, hupima sampuli ya miti kwa unene wa shina katika kimo cha kifua, ambacho kwa desturi ni mita 1.3 kutoka ardhini, huandika spishi na hali ya kila mti, kisha hukadiria msitu unakua kwa kiasi gani kwa mwaka. Kutoka hapo hupanga kiwango cha juu cha kukata, ambacho lazima kiwe chini ya ukuaji. Tuseme eneo la hekta 500 linaongeza nusu mita ya ujazo ya mbao za kuuzika kwa kila hekta kwa mwaka: ukuaji ni mita za ujazo 250, na anayekata 400 anakula mtaji hata kama ana kibali cha kila gogo. Hesabu hii ndiyo moyo wa usimamizi wa msitu wa asili, na anayeuza mbao za msitu huo anapaswa kuwa na jibu lake.

Uliza pia juu ya miti inayoachwa. Unene wa chini unaoruhusiwa kukatwa hulinda miti michanga, lakini ukifuatwa peke yake huondoa miti yote mikubwa, iliyonyooka na yenye afya, na kuuacha msitu uzaliwe upya kutokana na ile iliyopinda. Kwa hiyo msimamizi makini hutia alama miti mama na kuiacha isimame ili itoe mbegu, akiitawanya katika kitalu chote. Kwa spishi zenye miti dume na miti jike mbalimbali, kama muhugu na mvule, lazima miti ya jinsia zote ibaki karibu vya kutosha kuchavushana. Kando ya mito na kwenye miteremko mikali hapakatwi kabisa.

Kisha kuna namna ya kukata. Mti huangushwa upande ambao hautavunja miti midogo, mitambaazi inayoufungamanisha na jirani zake hukatwa mapema, kisiki huachwa kifupi, na njia za kuvutia magogo hupangwa chache na kufungwa baada ya kazi ili zisigeuke barabara za wezi na wachoma makaa. Kitalu kilichovunwa hupumzishwa kwa miaka mingi. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo anayesema anarudi kitalu kilekile cha mpingo kila baada ya miaka michache anasema jambo lisilowezekana.

Mfano unaostahili kujulikana uko wilayani Kilwa, kusini mwa Tanzania, ambako vijiji vya Kikole na Kisangi vilianza kuvuna misitu yao wenyewe chini ya cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, kilichotolewa mwaka 2009, kikiwa cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Kijiji kinachomiliki msitu, kinachopanga kiwango cha kukata na kinachopokea pesa ya mti mkononi kina sababu ya kulala macho kikiulinda. Naamini hakuna ulinzi wa msitu ulio na nguvu kama huo. Hapa kwetu sheria ya misitu ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya jamii vya misitu na kuviruhusu kushiriki katika usimamizi, ingawa manufaa yake kwa sasa hutoka zaidi katika kuni, asali, malisho na utalii kuliko katika mbao za asili.

Kama mbao zina cheti cha FSC, omba namba ya cheti uitafute mwenyewe kwenye intaneti. Hakikisha kwamba muuzaji wa mwisho naye yumo katika mnyororo wa vyeti, maana cheti cha msitu hukatika pindi mbao zinapopitia mkono usiothibitishwa.

Hatua ya tano: kagua ubao wenyewe

Shika ubao upande mmoja, uinue hadi usawa wa jicho na utazame urefu wake wote. Mpindo na msokoto vitaonekana mara moja. Tazama kichwa cha ubao: kama mistari ya ukuaji imesimama wima kuelekea uso wa ubao, ubao huo utatulia, kama imelala kama upinde, utajikunja zaidi, kwa kuwa mbao husinyaa karibu mara mbili zaidi kufuata mzingo wa mistari hiyo kuliko kuikata. Kwa meza na milango chagua ule wa kwanza hata kama ni ghali kidogo. Sehemu nyeupe ya nje ya mti haina kinga ya kiini, na bungua huipenda. Vitundu vidogo vyenye unga mweupe unaodondoka ukigonga ni dalili kwamba wadudu bado wamo.

Uliza ubao ulipasuliwa kwa msumeno gani. Msumeno wa mnyororo hula karibu sentimita moja kila unapopita, wakati msumeno wa mkanda hula milimita mbili au tatu. Anayepasua mbao za inchi moja kwa mnyororo hupoteza zaidi ya robo ya gogo kwa unga wa mbao kabla hata ya kuhesabu maganda na pembe. Mbao za msumeno wa mkanda zimeokoa sehemu ya mti, nazo huwa na unene unaolingana, jambo linalompunguzia fundi kazi ya randa.

Usizipuuze mbao za majengo yaliyobomolewa. Milango, sakafu na boriti za zamani zimekauka kwa miongo mingi, hazitajikunja tena, na hazikuongeza kisiki kipya popote. Zipitishe sumaku ili upate misumari iliyojificha, kisha zitumie bila wasiwasi.

Hatua ya sita: zikaushe ipasavyo

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mbao zilizoshushwa kutoka kwenye lori juma lililopita hazifai kutengenezea mlango juma hili, hata kama uso wake unaonekana mkavu. Kwa hali ya hewa ya Nairobi lengo ni unyevu wa karibu asilimia 12 kwa kazi ya ndani. Kipima unyevu cha umeme hutoa jibu kwa sekunde chache, lakini usipokuwa nacho tumia mizani na oveni: kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kichwani, kipime uzito, kikaushe kwa joto la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena, kisha toa uzito wa mwisho katika ule wa kwanza, gawanya tofauti hiyo kwa uzito wa mwisho na uzidishe kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 268 na kikaishia gramu 240 kilikuwa na unyevu wa asilimia 11.7, nacho ni tayari.

Kukausha kwa hewa hakuhitaji mtambo, kunahitaji subira na kivuli. Jenga msingi wa mawe au matofali ulioinuka angalau sentimita 40 kutoka ardhini na ulio sawa kabisa, kwa maana rundo hurithi mpindo wa msingi wake. Panga mbao kwa tabaka ukiacha nafasi baina ya ubao na ubao, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila baada ya futi moja na nusu au mbili, vikiwa vimesimama juu ya vingine kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Paka vichwa vya mbao rangi nzito au nta, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kichwani na huko ndiko nyufa huanzia. Weka mabati juu, uzito wa mawe juu ya mabati, na uache pande wazi upepo upite lakini jua lisipige. Kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Jua kavu la hapa hufupisha muda huo kwa mbao nyembamba, ila kipimo cha unyevu ndicho kiamue, siyo kalenda.

Hatua ya saba: mpe fundi maelekezo

Mueleze fundi kwamba mbao hizi ni haba, na muafikiane mpangilio wa kukata kabla msumeno haujaanza, vipande virefu kwanza na vifupi kutoka katika mabaki. Dai viungo vya tundu na ulimi badala ya misumari, na paneli za milango ziachiwe nafasi ya kupanuka ndani ya fremu bila kugandishwa kwa gundi. Mabaki yatengenezewe vishikizo, mbao za kukatia mboga au fremu za picha.

Hatua ya nane: panda mbao za kesho

Kila ninayemshauri kununua mbao ngumu humshauri pia kupanda, kwa sababu mahitaji ya jiji hili hayawezi kuendelea kutegemea misitu ya Congo. Chagua kulingana na mahali shamba lilipo. Meru, Embu na Nyeri zinafaa muhuru, mti wa asili wa maeneo ya Mlima Kenya ambao mbao zake huitwa mwaloni wa Meru. Muringa hukua vizuri katika nyanda za kati zenye mvua na huvumilia kuwa kati ya kahawa na mahindi. Magharibi kuna siala. Kwa wenye mashamba makavu ya Machakos, Makueni na Kitui, mti ni mukau, ambao mbao zake hulinganishwa na mahogani, mchwa hawauwezi kwa urahisi, na huvunwa kati ya miaka 10 na 15 ukitunzwa.

Mukau una ugumu wake kwenye mbegu. Tunda lina kokwa ngumu kama mfupa. Iweke juu ya ubao, ipasue kwa kisu kikigongwa kwa nyundo bila kuiponda mbegu iliyo ndani, kisha ziloweke mbegu hizo usiku kucha, na asubuhi uchane ngozi yake kidogo kwa wembe kabla ya kuisia kwenye mchanga ulio chini ya karatasi ya nailoni. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, huuza mbegu za miti ya asili kutoka kituo chake cha Muguga, na kituo chake cha Kitui ndicho kilichobobea katika mukau. Kwa anayeanza, kununua miche iliyokwisha kuota ni busara zaidi.

Panda mwanzoni mwa mvua, mita nne kwa nne, katika mashimo yaliyochimbwa mapema. Katika miaka miwili ya mwanzo pitia kila mti mara kwa mara ukiondoa kwa kidole machipukizi ya pembeni yakiwa bado laini, hadi shina safi lifike mita tatu au nne. Tawi lililoachwa likakomaa litaacha fundo katika ubao, na ubao wenye mafundo hauuzwi kwa bei ya samani. Miti ikianza kugusana matawi, ondoa iliyopinda na iliyodumaa ili iliyobaki inenepe. Weka kumbukumbu ya mwaka wa kupanda, chanzo cha mbegu na idadi ya miti, na kabla ya kukata hata mmoja pitia ofisi ya KFS na ya misitu ya kaunti yako uchukue idhini na kibali cha kusafirisha, kusudi mnunuzi atakayekuja kuuliza kisiki apewe jibu lililoandikwa.